Mbwa anayechanganyikiwa radi ikipiga usiku: jua anaanza wakati gani

Kama unasoma haya huku ngurumo zinalia na mbwa anakwaruza mlango, fanya mambo mawili tu, mengine utayasoma kesho. Mfungue mnyororo, kisha mwingize mahali popote penye kuta nne na mlango unaofungika: stoo, jiko la uani, bafu la nje. Akijibana kwenye kona au chini ya meza, mwache hapo hapo. Usimvute. Usiku wa leo hakuna mafunzo, ni wa kuupitisha.

Sasa tuzungumze kwa nafasi. Naishi Sahare, hapa Tanga, na kila masika ikiingia, kati ya Machi na Mei, hapakosi jirani wa kunigongea kuniambia mbwa wake kawa mwehu. Nikimuuliza maswali mawili matatu nakuta mmoja mbwa wake anaogopa bati, mwingine anaogopa umeme, wa tatu mbwa wake ana maumivu ya nyonga na radi imesingiziwa tu. Wote watatu wamekwisha kuchapa fimbo.

Kwa hiyo kabla ya tiba yoyote, kaa naye usiku mmoja uangalie anaanza wakati gani. Mvua ya radi haiji kwa mkupuo. Kwanza upepo hugeuka na hewa ikawa nzito, kisha umeme humulika kwa mbali, baadaye ngurumo, mwisho matone juu ya bati. Shika daftari au simu, andika ni hatua ipi alipoinua kichwa, ipi alipofyata mkia, ipi alipoanza kuhema ulimi nje ilhali hakuna joto. Usiku mmoja wa namna hiyo utakuambia mengi kuliko ushauri wa mtaa mzima.

Anaanza mvua inapopiga bati

Huyu ndiye wa kawaida zaidi kwetu, na ndiye rahisi kumsaidia. Mabanda mengi ya mbwa hapa mjini ni vipande vya bati vilivyobaki baada ya kuezeka nyumba: bati juu, bati pembeni, halina dari. Ingia humo wewe mwenyewe siku ya mvua kubwa, upige magoti, ukae dakika tano. Mimi niliingia. Nilitoka masikio yanavuma, na mimi nilijua ile ni mvua tu.

Dawa yake ni makuti. Panga makuti juu ya lile bati, tabaka mbili au tatu, uyafunge yasipeperushwe. Tone likitua kwenye kuti halilii kama likitua kwenye bati, na mchana banda linakuwa na ubaridi. Kama makuti yamekuwa ghali, magunia matupu ya katani yanafaa, na katani Tanga haijawahi kutupiga chenga. Ndani weka ubao au godoro chakavu mbwa asilalie simenti. Mlango uelekee kinyume na upepo wa mvua, maana mbwa aliyeloa halali, na asiyelala huogopa zaidi.

Anaanza umeme unapomulika

Mbwa huyu amekwisha kujifunza hesabu: mwanga kwanza, kishindo baadaye. Kinachomtesa ni ule muda wa kusubiri. Mwanga unamulika nyuma ya kisiwa cha Toten, yeye anaanza kutetemeka, na kishindo bado hakijafika. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawa kwa 3, utapata umbali kwa kilomita. Sekunde 9 maana yake radi iko kama kilomita 3. Hesabu hiyo pia inakuonyesha kama mvua inakuja au inakwenda zake, hivyo ujue kama una dakika chache za kumtayarisha au la.

Huyu mzibie mwanga. Tundika gunia au shuka zito mlangoni mwa banda, ziba na nyufa za pembeni. Kama amelala stoo, washa taa ibaki inawaka, kwa sababu mmuliko ndani ya chumba chenye mwanga hauonekani sana, gizani unamchoma macho. Umeme wa nyumbani ukikatika, na mvua za namna hii umeme hukatika, taa ndogo ya sola inatosha.

Hapo hapo niseme kuhusu feni. Watu wengi hugundua mbwa wao analala vizuri feni ikivuma, kwa kuwa mvumo wake unafunika ngurumo za mbali. Vizuri. Lakini umeme ukikatika feni inanyamaza ghafla na ngurumo inasikika yote kwa mara moja. Redio ya betri haina hila hiyo. Iweke kwenye stesheni yenye mazungumzo au taarabu, sauti ya kawaida, iache usiku kucha.

Anaanza kabla yako, mbingu bado nyeupe

Mbwa husikia sauti hafifu ambazo sisi hazitufikii, na husikia sauti nyembamba sana, hadi kama hezi 45,000, wakati mtu hukomea kama 20,000. Ongeza pua yake. Wingu likijikusanya upande wa Muheza na upepo ukageuka, anazo habari wakati wewe bado unaanua nguo. Usimwone mchawi. Mtumie kama saa: akianza kuzunguka zunguka na kukufuata nyuma kila uendako, mpeleke akajisaidie, mlishe, kisha mpeleke mahali pake mapema. Mbwa aliyefika mafichoni kabla ya kishindo cha kwanza hutulia upesi kuliko yule aliyekimbizwa humo katikati ya kishindo.

Anakata mnyororo, anaruka ukuta, anatoweka

Hapa ndipo penye hatari, na hapa nina la kukiri.

Mbwa wangu anaitwa Mkonge, kwa ajili ya manyoya yake yenye rangi ya singa za katani. Miaka yake miwili ya kwanza nilimfunga usiku kwenye mnazi ulio karibu na geti, kwa mnyororo wa chuma wa mita mbili. Ndivyo nilivyoona wengine wakifanya. Usiku mmoja wa Aprili radi ilipiga karibu sana, nyumba ikatikisika. Nikajisemea mvua ikipungua nitamwangalia. Nilipotoka na tochi nikakuta mnyororo umenyooka chini na mkanda wa shingo umebaki umefungwa vile vile, haukukatika. Alikuwa amechomoa kichwa. Ndani ya mkanda kulikuwa na manyoya na damu kidogo.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa ni mzee jirani yangu, mvuvi wa zamani, amevaa kanzu iliyoloa kuanzia magotini kwenda chini, na Mkonge amesimama nyuma yake kama mtoto aliyetumwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbwa wako huyu hapa. Nimemkuta kajibanza barazani msikitini, nilipofika akanijia akanibana miguuni. Hakuniuma. Anatetemeka tu.” Akaitazama kanzu yake. “Lakini swala ya jamaa imenipita. Sasa narudi nikaikoshe kanzu mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ndivyo dini inavyotaka mbwa akikugusa ukiwa umeloa. Mtafutie mahali, mwanangu. Huyu si mkali, huyu hana pa kwenda.”

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea samaki baadaye, akapokea, lakini ile “hana pa kwenda” ilinikaa.

Maana ndivyo ilivyo. Kiumbe akiogopa hukimbia au hujificha, na mnyororo humnyima yote mawili. Hofu inayokosa mlango hugeuka kuwa vurugu: anatafuna chuma hadi meno yanavunjika, anajinyonga akiruka ukuta na mnyororo umeshikilia upande wa pili, au anachomoka na kuishia barabara ya Pangani mbele ya lori. Tena mti mrefu ulio peke yake ndio radi huupenda, na mnazi ni mti mrefu ulio peke yake. Kumfunga mbwa chini yake kwa chuma siku ya radi ni kumweka mahali ambapo wewe mwenyewe usingesimama.

Najua jibu la wengi: nyumbani kwetu mbwa haingii ndani, sembuse akiwa ameloa. Sawa, wala hahitaji kuingia ndani. Anahitaji chumba chake uani chenye mlango unaofungwa kwa nje, kikavu, kisichopitiwa na watu wa nyumba. Mimi nilijenga cha tofali sita kwenda juu, futi nne kwa futi tano, nikakiegemeza kwenye ukuta wa jiko la nje ili kipate kuta mbili ambazo radi haizitikisi. Mlango huwa wazi mchana kutwa, chakula chake anakula humo humo, mfupa anautafunia humo. Usiku wa mawingu naufunga kwa komeo. Ukimfungia mbwa mahali asipopazoea siku ya radi, atapachimba na kupavunja. Mzoeshe siku za jua.

Anatokwa udenda, anatetemeka: ni kichaa?

Swali hili ulizwe, lisichekwe. Mbwa mwenye hofu ya radi hutokwa mate, hutetemeka, macho humtoka, na pengine hakutambui kwa dakika kadhaa. Mvua ikiisha hurudi kuwa yeye: anakunywa maji, anakula, anatikisa mkia. Mwenye kichaa cha mbwa harudi. Sauti yake hukwaruza, taya hulegea, kumeza humshinda, huuma hata vijiti na mawe, na hali huzidi siku hadi siku mpaka afe, mara nyingi ndani ya siku 10. Mtu akiumwa na mbwa unayemshuku, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata yako mapema mwezi huo kama kuna chanjo inayotolewa.

Na kama ametetemeka na kutoa udenda usiku usio na hata wingu, huku miguu inakakamaa au anatapika, fikiria sumu ya panya au dawa ya wadudu. Hapo ni daktari wa mifugo upesi, radi haihusiki.

Zamani hakuogopa, ameanza uzeeni

Mbwa wa miaka saba au nane aliyelala masika zote kama gogo, kisha mwaka huu anaruka kila ngurumo, mshuku mwili wake kabla ya akili. Kishindo humfanya akaze misuli ghafla. Kama nyonga au mgongo unauma, kila kishindo kinakuja na mchomo, na baada ya mvua chache anaunganisha: ngurumo ndiyo inayoniumiza. Mtazame akiinuka asubuhi. Je, anajivuta? Anasita kwenye ngazi? Mnuse masikio, yakitoa harufu, au akitikisa kichwa kila mara, yana ugonjwa, na kwetu pwani kupe hupenda sana kuingia humo. Maumivu yakitibiwa, hofu mara nyingi hupungua bila mafunzo yoyote.

Anabweka, anakojoa ovyo

Kubweka kwingine ni hofu inayojitia ushujaa. Ukimfokea kutoka dirishani, yeye anasikia mwenzake naye amechachamaa. Nyamaza, nenda ukae karibu. Mkojo nao unamtoka mwenyewe, hakukusudia. Safisha kwa maji na siki, usimsugue pua.

“Ukimbembeleza unamharibu”

Nimeambiwa hivi na watu ninaowaheshimu, na wamekosea. Hofu haiongezeki kwa kuliwazwa. Mtoto akilia kwa radi ukampakata humfundishi kupenda kulia. Mbwa akikujia, mwache akuegemee, mpitishie mkono polepole ubavuni, zungumza kwa sauti yako ya kila siku. Asipokuja, usimfuate. Ambaye dini au moyo haumruhusu kumgusa akae tu kwenye kigoda hatua mbili kutoka mlangoni, hata hilo mbwa analijua.

Kinachoharibu ni fimbo. Ukimchapa usiku wa radi, umemthibitishia kwamba radi ikija mabaya hufuata.

Wengine huwafunga kanga. Ikunje kwa urefu ibaki upana wa vidole vinne, pitisha kifuani, ncha zipishane mgongoni, zizungushe chini ya tumbo, funga fundo ubavuni lisikae juu ya uti wa mgongo. Ibane kama unavyombeba mtoto, vidole viwili vipite chini yake. Wapo wanaotulia. Wapo pia wanaoganda kama sanamu, na kuganda si kutulia. Ukiona hajikunji kulala wala halambi mdomo hata kwa utumbo, mfungue.

Kumzoesha wakati wa kiangazi

Januari na Februari, au kuanzia Juni mvua zikitulia, ndio wakati wake. Katikati ya masika umechelewa.

Tafuta sauti ya ngurumo uiweke kwenye simu. Chemsha utumbo, ukate vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba. Cheza ngurumo kwa sauti ya chini kabisa, kiasi cha sikio lake kucheza tu bila mwili kushtuka. Ngurumo ikishasikika, ndipo kipande kidondoke. Mpangilio huo usiugeuze. Ukitangulia na nyama ndipo ngurumo, utamfundisha kwamba nyama ikija balaa lipo nyuma, na utakuwa umemwekea sumu kwenye chakula. Dakika tano kwa siku zinatosha. Ukipandisha sauti akaacha kula, umekwenda mbio, rudi chini.

Nikutahadharishe: spika ya simu haiwezi kutoa lile dundo zito linalotikisa kifua, wala haina umeme, upepo wala harufu ya mvua. Kwa hiyo mbwa aliyefaulu simu anaweza kushindwa masika. Mchezo ule ule wa nyama uendelee kwenye radi za kweli, hasa zile za mbali zinazonguruma zikiwa bado upande wa bahari. Hizo ndizo ngurumo za thamani. Mkonge amejifunza kwa hizo zaidi kuliko kwa simu.

Watoto wa mbwa ni rahisi zaidi: wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi ndipo wanapoizoea dunia. Wacheze nao mvua ikinyesha, wasiachwe na mama mwenye hofu peke yake, maana wanamwiga.

Dawa

Wapo mbwa ambao haya yote hayawatoshi, nao ni haki yao kusaidiwa. Daktari wa mifugo ana dawa za hofu, kama trazodoni au gabapentini, zinazotolewa kwa kipimo cha uzito wake, saa moja au mbili kabla ya mvua. Ndiyo maana utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa una kazi: soma wa jioni, uamue. Ikishaanza kunguruma kidonge kinafika kimechelewa.

Ukiandikiwa asepromazini peke yake, uliza tena kwa adabu. Hiyo humlegeza mwili asiweze kukimbia, lakini hofu inabaki imemjaa. Wewe unaona ametulia, kumbe amefungwa mnyororo wa ndani.

Vidonge vya watu visiguswe. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumuua. Gongo na bangi, ambazo nimeona kwa macho yangu zikichanganywa kwenye ugali wa mbwa wa lindo, ni sumu kwake vile vile.

Unajuaje anapata nafuu? Usingoje siku atakapoacha kutetemeka, huenda isije. Mimi naandika muda: dakika ngapi baada ya ngurumo ya mwisho ndipo anakubali chakula. Ule mwaka wa kanzu, Mkonge hakuonja kitu mpaka saa nne asubuhi. Masika iliyopita, mvua ya kwanza ya radi iliisha saa tisa usiku. Nikamtupia kipande cha utumbo mlangoni. Alikitazama, akakiacha, akazunguka mara mbili, akarudi akakila. Dakika 40.